Mikono Iliyozoea Kuvuta

Hamtaamini. Nimeshaisimulia habari hii sokoni Kamukuywa mara tatu, na mara zote tatu watu wamecheka mpaka mmoja akajimwagia chai mapajani, kisha wakaniuliza kama nimepitia kwa mama pima, muuza chang'aa. Sijapitia. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na si darasa la saba la siku hizi, ni lile la zamani ambalo ukilimaliza unaweza kumwandikia chifu barua na akajibu. Nikisema kwamba rubani wa ndege ya abiria, ndege ya injini mbili, alijifunza upya kazi yake juu ya mashine ya kupukuchua mahindi, mchana peupe, akina mama wakimtazama na magunia yao, basi nilikuwepo. Mashine yenyewe ni yangu. Lakini nisijitangulize, kwa sababu habari hii ni ya Nangila, binti ya dada yangu Nekesa.

Alifika Tuwan, mtaa wa mama yake mjini Kitale, saa saba mchana, mwezi wa pili mwaka wa 2009, wakati jua la Kitale limekausha kila kitu na watu wanatazama mlima kama mvua imefichwa huko. Alikuwa akivuta begi lake la kazi, lile dogo la magurudumu, na magurudumu yalikwama kwenye kokoto kila baada ya hatua mbili. Majirani wakaita, "Rubani! Umetuletea nini?" Akajibu, "Usingizi." Wakacheka wakidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Mama yake alikuwa nyuma ya kibanda chake cha mboga akifunga sukuma wiki mafungu mafungu. Alimtazama mara moja tu, kutoka kichwani hadi viatuni.

"Wamekufuta?"

"Bado."

"Bado ni nini? Mtu anafutwa ama hafutwi."

"Mama, nionyeshe mahali pa kulala kwanza."

Akalala mpaka kesho yake saa nne asubuhi, na alipoamka alikuwa bado amechoka. Ulikuwa ule uchovu unaolala nawe kitanda kimoja na kuamka kabla yako. Kwa miaka mitatu alikuwa rubani msaidizi wa kampuni moja ya Nairobi. Aliamka kabla ya jogoo, akapiga pasi shati jeupe, akaenda Kisumu na kurudi, Eldoret na kurudi, Lodwar na kurudi, akitabasamu mlangoni kila mara abiria wanaposhuka. Watu wa kwetu wanadhani rubani anakaa tu huko juu akinywa soda. Nangila alikuwa amesahau mara ya mwisho kula chakula akiwa ameketi kwenye kiti kisichotingika.

Lakini si uchovu uliomleta nyumbani. Kilichomleta ni mikono yake.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu najua wengi wenu ndege mmeiona matumbo tu ikipita juu. Kuna hatari moja ambayo marubani hufundishwa kila mwaka mpaka waichoke. Si injini kuzimika. Injini inaweza kunguruma vizuri kabisa na ndege bado ikaanguka, kwa sababu pua imeinuliwa mno, mwendo umepungua, na upepo unaoshikilia mabawa umeachana nayo. Bawa lililoachwa na upepo ni ubao tu. Chukua baiskeli, funga magunia mawili ya mahindi nyuma, kisha panda ule mlima wa kutoka mtoni. Mwendo ukipungua, gurudumu la mbele linaanza kuinuka. Mjinga anavuta usukani kwake, anaanguka chali, magunia yanamlalia. Mwenye akili anainama mbele, anaweka kifua juu ya usukani, hata kama moyo unamkataza. Mimi nimepanda mlima ule na magunia matatu, lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi ndege nayo ni hivyo hivyo. Kabla upepo haujaachana na mabawa, usukani wenyewe unaanza kutetemeka mikononi mwa rubani, drrrrr, kumwonya. Hapo kazi ni moja: sukuma. Shusha pua, hata kama ardhi unaiona. Upepo ukirudi kwenye mabawa, unayaweka sawa, unaongeza nguvu ya injini, unapanda polepole. Anayevuta anaizamisha.

Nangila aliyajua hayo yote. Ungemwamsha usingizini angekuandikia kwa mpangilio. Kila nusu mwaka aliingia ndani ya simuleta, chumba kilichosimama juu ya miguu ya chuma, kinachoinama na kutikisika kama ndege ya kweli ila hakiendi popote, na huko alikuwa amefaulu kila mara. Wakaguzi wa zamani walikuwa watu wa adabu. Walisema, "Haya, sasa nakuletea ile ya kutetemeka," naye akajiandaa, usukani ukatetemeka, akasukuma, wakaweka alama.

Mwaka huo mkaguzi alikuwa mpya, Kapteni Munene, mtu mfupi, mpole, mwenye macho ya mtu anayelala kwa zamu. Yeye hakusema anachokileta. Alimpa Nangila mawingu, akampa mvua, akamwashia taa ya mlango bila sababu, akamwacha aeleze habari ya taa hiyo kwa watu wa mnara wa kuongozea ndege Kisumu. Katikati ya maelezo, usukani ukatetemeka. Mikono ya Nangila ikavuta.

Nasema mikono, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado anazungumza habari ya mlango. Alipotazama, usukani ulikuwa umefika tumboni na ziwa lote linamjia usoni. Munene akaisimamisha mashine. Wakaanza upya. Baada ya nusu saa, bila kuambiwa, tena drrrrr, na tena akavuta. Mara ya tatu pia.

"Nangila, unavuta," Munene akasema.

"Naona, kapteni."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Mikono haijifundishi yenyewe." Akafunga faili polepole kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. "Nakupa siku kumi na nne. Ukivuta tena, sitaweza kukuacha ukae pale mbele. Si kwa ubaya. Nyuma yako kunakuwa na watu arobaini, na wao hawajui wewe ni mtu mzuri."

Hilo ndilo Nangila alilobeba kwenye begi lake mpaka Tuwan. Siku kumi na nne, na tayari mbili zimekwisha kwa kulala.

Huko Tuwan hakupata amani. Huyu alikuja kutaka mwanawe atafutiwe kazi ya kubeba mizigo uwanjani, yule alitaka kujua kama ndani ya ndege kuna choo na kinaenda wapi. Siku ya tatu dada yangu akamwambia, "Nenda Kamukuywa kwa khocha wako. Huko hakuna mtu atakuuliza kitu. Wanyonyi akianza kuongea hakuna nafasi ya swali." Khocha ni mimi, kwetu ndivyo mtoto anavyomwita ndugu ya mama yake. Na Nekesa hunidharau hivyo tangu utotoni kwa sababu nilimshinda hesabu.

Kamukuywa alinikuta nikifunga nira. Ilikuwa wakati wa kupindua udongo kabla ya mvua za mwezi wa tatu, na shamba nililokuwa nikilima lilikuwa lao, lile la marehemu baba yake, Wekoye, ambalo mimi humlimia dada yangu kila mwaka. Plau ilikuwa ya Wekoye pia. Alikuwa mlimaji wa kukodiwa, hodari, mtu wa maneno machache, na Mungu alimpa mabinti watatu bila mvulana hata mmoja. Nangila alipofika miaka kumi na moja, Wekoye alimweka nyuma ya plau. Watu wakaja mpaka kwenye ua kucheka. Wakamuuliza, tangu lini msichana anashika plau? Wekoye akajibu, "Ng'ombe hawajauliza."

Nangila alishika ile plau miaka sita. Baba yake alipokufa akapata mfadhili wa masomo, akaondoka, na sikumwona tena ameishika mpaka asubuhi ile. Mgongo wangu ulikuwa umekaza kidogo. Si uzee, ni namna nilivyolala.

"Nipe, khocha," akasema. Alikuwa amevaa gambuti za mke wangu zilizomzidi. "Wewe tangulia na ng'ombe."

"Utachafua kucha za urubani."

"Ziko wapi hizo kucha? Tangulia bana."

Nikatangulia. Maksai walikuwa wawili, Sajini na Mwalimu. Sajini alikuwa na nguvu; Mwalimu alikuwa akitazama saa. Tukaenda mtaro wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baadaye aliniambia kwamba ile ilikuwa saa ya kwanza tangu simuleta ambayo kichwa chake kilinyamaza, na kwamba uchovu wa mabega ulikuwa mtamu, kwa sababu alijua umetoka wapi.

Upande wa chini wa shamba tulikuwa tumekata miti ya mkaratusi mwaka uliopita, na mizizi ilikuwa bado chini. Mtaro wa nne ncha ya plau ikagonga mzizi. Mnajua inavyokuwa: ng'ombe bado wanavuta, chuma kimeshikwa, na ile mipini miwili inatetemeka mkononi mpaka meno yanagongana. Hapo una muda mfupi kuliko kupepesa macho. Ukichelewa, ama mnyororo utakatika, ama ncha itavunjika, ama mpini utakupiga kidevu. Kabla sijafungua mdomo, Nangila alikuwa ameivuta plau nyuma hadi tumboni, imetoka kwenye mzizi safi, na ng'ombe wamesimama.

"Safi!" nikapiga kelele. "Hujasahau!"

Alikuwa ameganda pale, mipini iko tumboni, anaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine aliyemwazima.

"Khocha, warudishe ng'ombe."

"Kwani umeacha nini huko?"

"Warudishe pale pale kwa mzizi."

Nikawarudisha. Mwalimu alilalamika. Tukagonga, plau ikatetemeka, akavuta. "Tena," akasema. Mara ya tatu aliapa moyoni kwamba atasukuma. Nilimwona hata midomo ikitembea. Plau ikatetemeka, mikono ikavuta.

Basi akaketi kwenye mtaro, vumbi likiwa mpaka magotini, akaanza kucheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha wala uchungu, cha mtu aliyechoka hata kulia.

"Ni baba," akasema.

Nikafikiri ni jua. Nikamletea maji.

"Hapana, sikia. 'Ikitetemeka, vuta. Usifikirie, vuta. Ukifikiria, imeshavunjika.' Si ndivyo alikuwa anasema?"

Ndivyo alivyokuwa akisema Wekoye. Alikuwa akitembea kando yake miaka hiyo yote, mikono nyuma, akirudia maneno hayo kwenye kila mzizi na kila jiwe, mpaka hayakuwa maneno tena. Yalikuwa yameingia viganjani. Wakaguzi walipomtangazia mapema, kichwa kiliweza kuikamata mikono ikafanya kazi. Munene alipokinyang'anya kichwa, akakishughulisha na taa na mnara, mikono ikabaki peke yake, na mikono ikamsikiliza Wekoye.

Alinieleza yote pale pale mtaroni, simuleta, Munene, siku kumi na nne ambazo sasa zimebaki tisa. Kisha akafuta mipini kwa upande wa sketi yake. Najua alichokuwa anafikiria, kwa sababu aliniambia siku nyingine. Baba yake hakuwa mtu wa barua wala picha. Sauti yake alikuwa ameshaisahau. Kitu pekee baba alichokuwa amemwachia, kikamilifu, bila kupungua, ni hicho kilichokuwa ndani ya mikono. Na sasa ilimbidi akiondoe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Kitale kwa Ranjit. Ranjit ana karakana karibu na stesheni, baba yake alikuwa nayo kabla yake, na Wekoye alikuwa akinunua nati na ncha za plau hapo hapo.

"Binti ya Wekoye!" Ranjit akasema, akiinua kile kioo cheusi cha kuchomelea. "Plau imevunjika tena?"

"Haijavunjika. Nataka unitengenezee mpini."

"Wa nini?"

Akamchorea kwenye vumbi la sakafu. Bomba limesimama, fimbo ya chuma imelala juu yake kama usukani, chini kuna bawaba na springi ili liweze kwenda mbele na kurudi nyuma, na mabano ya kulifunga kwa nati kwenye mashine yangu ya kupukuchua mahindi.

"Sasa hii itafanya kazi gani?"

"Haifanyi kazi. Inatetemeka tu, mimi nasukuma."

Ranjit akajikuna ndevu. "Miaka thelathini watu wananiletea vitu vinatetemeka, nivinyamazishe. Wewe ni wa kwanza kutaka kinyume." Kisha akashusha kioo. "Ngoja hapo. Kunywa chai."

Na ndivyo rubani wa ndege alivyokuja kuketi juu ya mtungi uliopinduliwa, karibu na kinu cha posho cha Kamukuywa, ameshika bomba. Mashine yangu, niseme tu, ndiyo inayotikisika kuliko zote kutoka Webuye mpaka Kitale. Ikiwaka, kuku wa mtaa mzima hubadilisha njia. Nilikuwa naiwasha, bomba linatetemeka, Nangila anavuta. Naizima. Naiwasha, anavuta. Naizima. Asubuhi ile alivuta mara zote. Alasiri alianza kusukuma, mara moja katika tano. Akilala, alilala mchana juu ya magunia, dakika kumi, viganja wazi juu kama mtu anayeombea chakula, kisha anaamka na kusema, "Washa."

Akina mama walioleta mahindi walisimama kwa mstari wakitazama.

"Ati huyu ndiye anaendesha ndege?" mmoja akauliza.

"Ndiye huyo," nikamwambia.

"Basi mimi nikiitwa Nairobi nitaenda kwa miguu."

Nangila alisikia. Hakuinua kichwa. Malengelenge yalikuwa yameshatoka na kupasuka, akafunga viganja kwa kitambaa, akaendelea. Mara mia mbili kwa siku. Siku ya tatu alisukuma mara zote mia mbili. Nikachukua kofia yangu nikashangilia.

"Si kitu, khocha," akasema kwa uchovu. "Nakuona ukiinama kuvuta kamba ya injini. Najua inakuja. Munene hataniinamia."

Kisha akauliza, "Mama anasema ulikuwa mtundu sana ukiwa mdogo."

"Mama yako hasemi ukweli."

"Alisema hata sasa wewe ni mtundu."

"Hapo amesema ukweli."

"Basi nataka unifanyie utundu. Siku nzima. Popote. Nikishika kitu, wewe kitikise, na usiniambie."

Jamani, nimeishi miaka hamsini na nane nikikatazwa jambo hilo, na sasa naombwa! Nilianzia kwenye meza. Alipokuwa anakula ugali ameshika ukingo, nikaitikisa kwa goti. Akavuta, mboga zikamwagika miguuni kwake. Nikatikisa toroli lenye maji, akavuta, yakamwagika. Nikatikisa mlango wa choo nje yeye akiwa ameshika kitasa. Hapo alisema maneno ambayo kampuni haikumfundisha. Siku ya pili ya utundu akaanza kusukuma. Toroli alilisukuma likaenda peke yake mpaka kwenye ua wa jirani. Mke wangu akachukua vikombe vyote vya udongo akavifungia kabatini.

Jumapili akaniambia, "Kanisani hapana." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Tuliposimama kwa maombi, yeye ameshika mgongo wa benchi la mbele, amefumba macho, uchovu umemlegeza mabega, nikaona hakuna siku nyingine kama hiyo. Nikaweka mguu chini ya benchi nikalitikisa. Akasukuma. Alisukuma kwa nguvu zote, na Mzee Bramwel na wenzake wawili wakaenda mbele na benchi lao kama wameitwa madhabahuni.

Nje, baada ya ibada, alimwendea yule mzee akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilikukosea nini, mama?" Mzee Bramwel akamuuliza kwa upole.

"Hujanikosea, mzee. Ilikuwa mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya ndege."

Mzee akatazama juu, akatafuta, hakuona kitu, akamwekea mkono kichwani kumwombea. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya tangi la maji. Nangila alinikuta huko. Nilitarajia matusi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, anatabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Khocha, nilikuwa nimelala kabisa nikiwa nimesimama, na nimesukuma."

Siku ya kumi na mbili, ya mwisho kabla hajasafiri, akasema tumalizie upande wa chini wa shamba. Nikamwambia aache, apumzike, mizizi iko pale. Akasema ndiyo maana. Nikafunga nira. Tukashuka. Mwalimu alikuwa akipumua kwa nguvu. Mtaro wa pili ncha ikashika mzizi, mipini ikatetemeka, na nikageuka upesi kuangalia.

Alikuwa amesukuma. Uzito wake wote ulikuwa juu ya mipini, mikono imenyooka mbele, na chini kukasikika mlio mmoja mkavu. Ng'ombe wakapiga hatua mbili za bure na mnyororo ukalala.

Ncha ya plau ya Wekoye ilikuwa imebaki ardhini. Ilikuwa imekatika pale inapoungana, na ule mti mrefu wa chuma unaobeba plau nzima ulikuwa umepinda. Ranjit baadaye aliiangalia akatikisa kichwa. Chuma cha namna ile, akasema, hakinyooki tena.

Nangila alipiga magoti akakichimbua kile kipande kwa vidole. Akakishika mapajani. Nilitaka kusema neno la mzaha, na ninyi mnanijua, sikosi. Siku ile sikupata.

"Imevunjika," akasema.

"Imevunjika, mama."

"Miaka sita sikuivunja hata mara moja."

"Najua."

Alikaa hapo mpaka Sajini akaanza kula majani ya mpakani. Kisha akainuka, akajipangusa magoti. "Haya," akasema, "nafikiri niko tayari," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda kitu.

Nairobi Munene alimpokea kwa salamu fupi, akapiga miayo, wakaingia. Hakumletea mara moja ile ya kutetemeka. Alimpa moto kwenye injini ya kulia, akauzima. Alimpa abiria mgonjwa. Alimpa uwanja uliofungwa na mwingine wenye upepo wa ubavuni. Saa mbili zikapita, na Nangila alikuwa amechoka hata akasahau alichokuja kutahiniwa. Alikuwa akiuliza hali ya mvua Eldoret, usukani ukatetemeka.

Alisikia mabega yake yakienda mbele kabla hajajua. Pua ikashuka, mashamba yakajaa dirishani, moyo ukasema vuta, mikono haikuvuta. Akahesabu moja, mbili, akasikia upepo umerudi kwa namna usukani ulivyonyamaza. Akayaweka mabawa sawa, akaongeza nguvu, akapanda. Kisha akamalizia swali lake la mvua.

Munene alimletea tena mara nne, kila mara mahali pasipotarajiwa, na mara zote nne akasukuma. Hatimaye akawasha taa za chumba, akaandika mistari miwili.

"Vizuri," akasema. "Kesho uko zamu ya Lodwar, saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe."

Ni hayo tu. Nangila alishuka ngazi za chuma, akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua viatu. Akamtumia mama yake ujumbe wa neno moja: Sijafutwa.

Sasa mimi ninaandika haya mezani kwa dada yangu, Tuwan, nikisoma kila mstari kwa sauti kama tulivyofundishwa, na Nangila, aliyekuja kwa siku zake mbili za mapumziko, amekaa kwenye kochi hapa kando, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, amefumba macho. Siwezi kuacha mambo yaishe kikavu namna hiyo. Ukweli kamili ni kwamba Kapteni Munene aliposema vile aliinuka, akavua kofia, akamshika mpwa wangu mkono kwa mikono yake miwili, akasema katika urubani wake wote hajaona watu wanaosukuma kama watu wa Kamukuywa, na huyo mjomba aliyemfundisha aletwe Nairobi haraka awafundishe na wengine, na wale mafundi thelathini waliokuwa wamejazana mlangoni, wawili kati yao wazungu, wakaanza kupiga makofi na kurusha helmeti juu mpaka...

"Khocha," Nangila akasema bila kufumbua macho, "thelathini wametoka wapi? Tulikuwa watu watatu, na mmoja alikuwa amelala."